Dirisha la rangi nimelitengeneza mwenyewe, sasa naliogopa

Admin, nifiche vizuri, maana huku milimani Mbinga kila mtu ana simu na ukurasa huu wanausoma mpaka makatekista. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto wanne. Shule niliishia kidato cha pili, lakini msinidharau. Redio niliyoiunga kwa mikono hii ilikuwa inashika Malawi ng'ambo ya ziwa, mpaka Wamalawi wenyewe wakawa wanavuka kuja kuisikiliza. Kompyuta nimejifundisha kwa video za kwenye simu, na pale kiwandani kwetu tunapomenya kahawa hakuna anayegusa waya bila kuniita. Wananiita Mjomba, wakubwa kwa wadogo.

Kazi inayonilisha ni upokeaji. Mkulima analeta matunda ya kahawa, natia mkono kwenye ndoo, naminya, nasema hii imeiva, hii mbichi rudi nayo. Nilikuwa najitapa, "Nifungeni kitambaa machoni, sikosei hata tunda moja!" Siku moja wakanifunga kweli, wakulima wa Mapera wanaangalia, na sikukosea. Walinibeba juu juu kama bwana harusi. Wengine wanasema walinifikisha getini tu, mimi nasema karibu na mjini.

Mwaka huu tumeletewa meneja mpya, Madamu mmoja kijana kutoka kaskazini. Akaniita ofisini.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, Madamu."

"Mjomba, msimu huu hakuna kuminya. Wakulima wanalalamika, kila mpokeaji ana vidole vyake. Tutatumia macho. Unaweza kutengeneza kitu, mpokeaji aangalie tunda, achague rangi yake kwenye kompyuta, halafu programu iandike daraja?"

Mwingine angesema ngoja nifikirie. Mimi nikamjibu, "Madamu, hiyo ni kazi ya kabla ya chai."

Jamani, chai zilipita nyingi. Vifaa vya bure ninavyotumia kujengea programu vina vitufe na visanduku vya kuandikia, lakini dirisha la kuchagulia rangi havina. Nikalijenga mwenyewe. Mraba mkubwa wa rangi, pembeni ukanda kama upinde wa mvua, chini vitelezi vitatu vya nyekundu, kijani na bluu, kisha vikasha viwili, rangi ya mwanzo na rangi uliyochagua, halafu Sawa na Ghairi. Kuna kinukta cha kuonyesha ulipobonyeza, kilikuwa kinatoroka nje ya mraba kama mbuzi aliyekata kamba, nikakifunga. Kote huko nilikuwa nakwenda kwa namba. Nyekundu ikijaa ni mia mbili hamsini na tano, nyingine sifuri. Namba zilikubali, nikajua nimemaliza.

Nikamwita mke wangu aje ashangae. Akavuta kigoda, akasema, "Haya fundi, nichagulie rangi ya kahawa iliyoiva vizuri." Nikabonyeza kwa mbwembwe. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Baba watoto, utani wako! Hiyo si rangi ya majani?" Nikabonyeza pengine. Akacheka kidogo. Nikabonyeza mara ya tatu, hakucheka tena. Akaniambia taratibu, "Angalia vizuri." Naangalia, ndugu zangu. Naona udongoudongo tu, huku na huku sawasawa.

Akatoka nje, akarudi na matunda mawili ya kahawa, akayaweka mezani. "Lipi limeiva?" Nikanyoosha mkono niyaminye, akanipiga kofi mkononi. "Kwa macho." Miaka yote nilidhani watu wakisema nyekundu na kijani wanaona tofauti ndogo hivyohivyo kama mimi, na kwamba mimi ndiye nina kipaji cha vidole. Kumbe vidole ndiyo macho yangu.

Hapo nikamkumbuka marehemu mjomba wangu wa Lituhi, kaka wa mama. Alipaka mtumbwi wake nusu nyekundu nusu kijani, akaapa mbele ya pwani nzima kwamba ni rangi moja. Tulicheka miaka. Uzeeni alikuwa haoni kabisa, anaongozwa kwa fimbo. Sasa sijui kama ni ugonjwa mmoja na umeshaanza kwangu, au ni vitu viwili tofauti. Zahanati naogopa kwenda, nisije nikaambiwa.

Jumatatu tunafungua msimu. Madamu amewaalika wakulima, hadi wa Ukata, na ametangaza kwamba Mjomba mwenyewe ndiye ataanza. Dirisha naweza kulihadaa, nimeshaweka jina la rangi litokee chini ya mshale. Lakini tunda la kahawa halijaandikwa jina. Nikikosea, nitamrudishia mtu jasho lake la mwaka mzima, na yeye ataona kwa macho yake kwamba limeiva. Kila niliyewahi kumrudisha atasema nilikuwa nabahatisha. Mke wangu anasema, "Kamwambie Madamu kabla ya Jumatatu, mwombe akuache na vidole vyako." Nikimwambia atanitoa upokeaji, na kwa umri huu nani atanipa kazi nyingine? Mimi niliyebebwa juu juu!

Ninapoandika haya mke wangu yuko kwaya. Ameniachia matunda mawili mezani. Nimeyakodolea macho tangu alipotoka, nimechagua la kushoto kuwa ndilo limeiva. Sijaliminya bado, mkono hautaki.

Mnaojua mambo ya macho, na mliowahi kusimama mbele ya bosi na siri kama hii, naombeni mniambie ukweli bila kunicheka: niende kwa Madamu, au nikabahatishe Jumatatu mbele ya watu?