Sala Zilizobandikwa Bwaloni

Tangu Mwalimu Tusekile aje Sumbawanga kutoka Mbeya, kitu kimoja kilikuwa kikimchefua: watoto kumsomea Mungu sala kama wanaoitikia majina ya mahudhurio. Alifundisha dini kidato cha kwanza, katika mojawapo ya zile sekondari za kanisa zilizochipuka baada ya serikali kulegeza masharti ya shule binafsi. Basi mwaka 1996 akaamua kufanya la kwake. Aliomba mifuko mitupu ya saruji kwa mafundi, akaikung'uta, akaikata vipande. Rangi wanafunzi walijitengenezea wenyewe: mkaa, udongo mwekundu, majani ya maboga yaliyopondwa.

"Chora unachomwomba Mungu," aliwaambia. "Usiandike jina. Ni siri yako na yeye."

Wakachora. Minza, binti wa Limbu, Msukuma aliyehamia kijiji cha Mollo na ng'ombe wake, alichora mwanamke amejikunyata mlangoni, mwanamume kamsimamia na fimbo, na pembeni ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika. Tusekile alizifungia sala zote kabatini. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya ualimu, aliona amefundisha kitu.

Lakini ufunguo wa pili wa kabati alikuwa nao Mkuu wa Shule, Bwana Polikarp, na siku hizo Bwana Polikarp alikuwa hali wala halali kwa kuwawaza wafadhili. Siku ya wazazi Tusekile aliingia bwaloni akazikuta sala zimebandikwa ukutani, zile za machozi zimewekwa mbele kabisa, juu ya sahani za maandazi. Wageni wanapiga picha. Polikarp anachekelea mpaka magego yanaonekana. Tusekile akaanza kuzibandua kwa kucha, lakini Limbu alikwisha simama mbele ya mchoro wa ng'ombe wake. Mollo nzima ilimjua ng'ombe yule.

Limbu alimshika Minza mkono, wakaondoka.

Minza hakuonekana darasani wiki ile, wala iliyofuata. Tusekile akatembea kwa miguu hadi Mollo, akaambiwa binti amepelekwa Shinyanga kwa shangazi yake, na mchumba amekwisha patikana. Mtoto wa miaka kumi na minne! Akarudi mbio kwa Mkuu.

"Inasikitisha," Polikarp alisema, akijichokoa meno. "Ila wageni wanarudi mwezi wa nane, Mwalimu. Mtafute mwingine mwenye matatizo kama yale, achore."

Tusekile alitoka nje, akatema mate. Alimchukia mtu yule. Lakini kilichomtia kichefuchefu zaidi ni kwamba habari za ufunguo wa pili alizijua siku zote.

Kesho yake aliingia darasani na kitabu cha sala. Evodia, aliyekuwa akikaa na Minza dawati moja, akanyoosha mkono.

"Madam, leo tunachora?"

"Hapana. Tunasoma."

"Afadhali," Evodia alisema, na darasa zima likashusha pumzi.