Siku Waliponiomba Kufuli

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula ugali wa mtama mwekundu asubuhi na jioni. Muhogo uliugua. Majani yalijikunja yakawa kama vidole vya mtu aliyekaa sana majini, na ukichimba unakuta mizizi membamba kama mkia wa panya, tena michungu. Samaki wa ziwani nao hawakufika, kwa sababu barabara ya Pakwach ilikuwa na watu wa msituni na madereva walikataa kupita. Basi ikawa mtama na ufuta, ufuta na mtama, mpaka watoto wakienda chooni wanalia. Mtu wa Koboko, huku Uganda karibu na mpaka wa Kongo, wa rika langu, ukimwambia mwaka wa mtama mwekundu, hakuulizi tarehe.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Lakini nimezaa, nimezika mume mwanajeshi, nimekimbilia Kongo mwaka wa sabini na tisa na watoto wadogo na nikarudi nao wote, na nyumba yangu ya matofali niliijenga kwa kuuza ufuta. Nasema haya ili ujue ni nani anayeongea.

Mjukuu wangu wa kwanza, binti wa mwanangu mkubwa, aliwashinda wavulana wote darasani. Walimu wakaja na mpango: shule yake na shule moja ya Ariwara, ng'ambo, upande wa Kongo, zitabadilishana wanafunzi kwa mwaka mmoja. Wetu aende akajifunze Kifaransa, wao watuletee wa kwao ajifunze Kiingereza. Tena si kulala bweni. Mtoto anakaa nyumbani kwa watu, na nyumba inayompokea wako ndiyo inayokupa wake. Mwanangu alisitasita. Mimi ndiye niliyesema aende.

Tulikutana Arua, kule mlimani penye ofisi za serikali, kwenye veranda. Mama wa yule msichana alikuwa mnene, mfanyabiashara wa vitenge, amevaa liputa jipya, kitenge cha kujifunga cha kwao, lenye maua makubwa na wigi juu, ananukia marashi mpaka karani akapiga chafya. Akashika mkono wa mjukuu wangu, mimi nikashika wa binti yake.

"Mama, mutoto yangu iko yako sasa," akasema.

"Na yangu iko yako," nikamjibu.

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona.

Kwetu mgeni hatumwi maji. Anapewa kiti, anapewa sahani isiyo na ufa, anakula huku watu wanamtazama. Wiki haijaisha, nilimpa yule msichana jerikani nikamwonyesha njia ya kisimani. Jirani akapiga kelele juu ya ua.

"We mama! Mgeni wa watu unamtuma maji?"

"Mgeni gani? Wewe umeona mgeni hapa?"

Msichana alirudi amelowa mgongo mzima, tukacheka mpaka naye akacheka. Tangu hapo alitwanga, alisugua sufuria, aligombezwa kama wengine. Aliniita Koko, ndivyo wanavyoita bibi kwao. Mjukuu wangu huniita Habuba. Mimi Mwislamu, yeye mtu wa kanisa. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anaamka kula daku pamoja nasi, halafu mchana anakula tena, mlafi yule. Nikamwambia, hii dini yako ni tamu.

Habari za wetu zilitufikia kwa wanawake wa sokoni. Walisema kule anapendwa, anaitwa mamzeli, yaani bibie, hagusi hata ufagio. Watu wa nyumbani walifurahi. Mimi iliniuma. Kama hagusi ufagio, basi bado ni mgeni, na siku ya kukimbia mtu hushika watoto wake kwanza, mgeni baadaye. Mimi nimekimbia, najua.

Halafu vita vya Kongo vikaanza kusogea. Askari walioshindwa walikuwa wanarudi upande wa mpakani wakipora baiskeli, mbuzi, magodoro, chochote chenye kubebeka. Watu walipita kwenye barabara ya Midia wamejitwika nyumba nzima kichwani. Mwanangu alikwenda mpakani kila asubuhi kuuliza, na askari wa upande wetu wakamrudisha. Hakuna aliyemwona mtoto wetu.

Siku hiyo nilikuwa uani napepeta ufuta. Mwanamke akaingia bila hodi. Sikumtambua, maana hakuwa na wigi, liputa lilikuwa na matope mpaka magotini, na mnene yule alikuwa amepungua kama gunia lililotolewa nusu. Nilipomtambua nilitazama nyuma yake. Njia ilikuwa tupu.

"Yangu iko wapi?"

"Iko salama, mama. Iko kwa shemeji yangu, kijijini. Iko muzuri tu."

"Ulimwacha amevaa nini?"

Akapangusa matope kwenye liputa. "Nguo ya masomo."

"Hiyo nguo ina rangi gani?"

Akakaa chini, pale pale juu ya ufuta wangu, akaanza kulia. Ndipo ukweli ukatoka. Siku ya risasi yeye alikuwa soko la mpakani kutafuta mzigo, na mtoto wetu alikuwa shuleni na wenzake. Walimu waliwatoa wakakimbilia porini, kila mmoja na njia yake. Yeye hakuwahi kurudi nyumbani, barabara ilifungwa nyuma yake. Sasa lori la kaka yake lilikuwa linangoja hapo Koboko mjini, liende Arua, kutoka Arua liende Kampala. Amekuja kumchukua binti yake waondoke.

"Umekuja kuchukua yako," nikasema, "na yangu umeacha."

"Mama, ningefanya je? Batu banakufa kule."

"Sijui ungefanyaje. Mimi sikuwa huko."

Jirani alikuwa ameshakimbia kuita wanaume. Mwanangu alifika na baba yake mdogo, yaani shemeji yangu. Huyo alikuwa sajini zamani, na mpaka leo hutembea na fimbo chini ya kwapa kana kwamba kuna gwaride linamngoja. Msichana alikuwa chumba cha nyuma anapanga vyombo, hakuwa amesikia kitu. Aliposikia sauti ya mama yake alitaka kutoka, lakini sajini alikuwa ameshaburuta kiti changu mpaka mlangoni, akakaa, akanyoosha miguu kutoka mwimo huu hadi mwimo ule.

"Shemeji," akasema, "hapa maneno iko kidogo. Huyu mama iende kutafuta mtoto yetu. Akileta yetu, anapata yake. Lete kufuli."

"Kufuli ya nini?"

"Ya mlango. Mtoto iko ndani, abaki ndani. Hii iko amri."

"Amri yako ilibaki kambini mwaka wa sabini na tisa, shemeji. Hapa ni kwangu."

Watu waliokuwa wamejaa kwenye ua walicheka. Yeye hakucheka, na mwanangu hakucheka.

"Mama, acha mzaha," mwanangu akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na mimi namjua, akiongea kwa sauti ndogo ndio ameungua ndani. "Huyu akipanda lori hatutamwona tena. Ana ndugu, ana gari, ana watu wanaojua vichochoro vyote vya kule. Akiwa na mtoto wake mkononi, atamkumbuka wangu kwa lipi? Tena ameshatudanganya hapa hapa, umemsikia kwa masikio yako."

Sitasema mwanangu alikuwa mjinga. Maneno yake yalikuwa na uzito. Mama akishapata wake, masikio yanaziba, hata mimi yangeziba. Na kufuli lilikuwa langu, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la lesu.

Yule mama alipiga magoti mbele ya kiti. "Baba, naomba. Huyu moja tu ndiye nimebaki naye."

"Na sisi tumebaki na nani?" sajini akamwuliza.

Ndipo sauti ikatoka ndani. "Koko, miye nitabaki. Ambia mama aende. Nitabaki mpaka yeye atarudi."

Mama yake alipiga ukelele mmoja. Mwanangu akanigeukia. "Umesikia? Amekubali mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha."

Mkono wangu ulikwenda kwenye pindo. Niliusikia ufunguo kupitia kitambaa, mdogo, wa moto kwa joto la mwili wangu. Nilimfikiria mjukuu wangu porini, mtoto asiyejua mti upi unaliwa na upi unaua, mtoto niliyemtuma mwenyewe kwenda huko kwa kinywa changu. Kulikuwa na neno moja tu la kusema. Baki.

Nikainama nikamtazama msichana kupitia juu ya mapaja ya sajini. Alikuwa ameshika sahani mbili, na zilikuwa zinagongana. Mtoto anayesema nitabaki huku mlango umezibwa na mwanamume mwenye fimbo, huyo hajakubali kitu. Anaogopa tu kwa adabu.

Nikasimama wima. Nikasema kwa sauti, wa kwenye ua wasikie na wa barabarani wasikie:

"Nilimpokea kama mtoto, sitamshika kama mbuzi."

"Unasema nini?" sajini akauliza.

"Umesikia. Ondoa mguu."

Hakuondoa. Kwetu mwanamke haruki miguu ya mwanamume, hata mtoto wa kike anajua. Nikashika lesu langu nikalipandisha mpaka magotini kama mtu anayevuka mto, nikainua mguu. Watu wakaguna wote pamoja. Sajini akavuta miguu haraka mpaka kiti kikamwangusha ubavu.

Nikaingia. Nikamnyang'anya msichana sahani, nikamfungia nguo zake, nikamwekea unga wa mtama na ufuta uliosagwa. Alikuwa analia anasema, "Koko, na yeye? Na yeye?" Nikamwambia anyamaze avae viatu. Nikamtoa kwa mkono, nikauweka mkono wake kwenye mkono wa mama yake.

"Kila mtu wa kule utakayekutana naye, umwulize mtoto wangu," nikamwambia yule mama. "Taja jina lake. Usichoke kulitaja."

"Nitataja, mama. Haki ya Mungu nitataja."

Mwanangu alikuwa amesimama penye njia ya kutokea. Hakuwazuia, na hakusogea. Walipita kwa ubavu, mmoja mmoja, wakimgusa shati. Walipokwisha kupotea kwenye kona alinitazama.

"Umechagua mtoto wa watu," akasema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo hakula kwangu. Nilimpelekea sahani, sahani ikarudi na kifuniko chake kama ilivyokwenda. Asiyezaa hawezi kujua uchungu wa sahani ile. Kisimani wanawake walinyamaza nilipofika. Sajini alitangaza msikitini kwamba nimeitoa damu ya kaka yake bure. Nilianza kuuza ufuta kando ya barabara ya Midia, si kwa ajili ya kuuza. Kila aliyetoka ng'ambo nilimwuliza. Mtoto mrefu, kovu dogo kwenye kidevu, anacheka kwa pua. Hapana, mama. Hatujamwona, mama. Wengine walinitazama tu wakapita.

Mtama ulivunwa. Mvua zikarudi. Mwanangu alianza kunyoa kichwa kama mtu aliyefiwa, na mkewe akaacha kulitaja jina la mtoto.

Mjukuu wangu alirudi mchana, siku ya soko, pamoja na wanawake wa Abuku waliokuwa wamekwenda mpakani kununua mawese. Amevaa koti la mwanamume, nywele zimenyolewa, miguu imevimba kama mikate. Alikuwa ameishi kijijini kwa kikongwe mmoja mjane, akimpalilia karanga, mpaka askari walipokwisha kupita. Nikamwuliza habari za mama wa vitenge. Hakuwahi kumwona tangu asubuhi ya risasi. Hakuna mtu aliyepita akimwulizia. Hakuna aliyelisikia jina lake likitajwa mahali popote. Kwa hiyo usije ukadhani wema wangu ndio uliomleta. Alijileta kwa miguu yake.

Vigelegele vilipigwa mpaka nikaziba masikio. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikaweka karai, nikakaa chini kumwosha miguu. Mwanangu alikuja mbio, akamkumbatia binti yake akalia kama mtoto mdogo. Sajini akafuata polepole na fimbo yake. Nikawapakulia. Sajini alinawa mikono. Mwanangu alikaa mbele ya sahani bila kuigusa.

"Mama," akasema, "Mungu amekuhurumia. Sasa niambie, na yeye mwenyewe anasikia. Kama angekufa kule, na binti wa yule mwongo anakula mkate na chai ya maziwa Kampala, ungesema nini?"

"Sema tu ulikosa, shemeji," sajini akasema. "Neno moja. Tule, chakula inapoa."

Mguu wa mjukuu wangu ulikuwa mkononi mwangu. Ulikuwa unachezacheza kwenye maji, ukaacha kucheza. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa makubwa kwenye uso ule uliokonda. Mtoto wa umri ule anataka kusikia kwamba kwa ajili yake ungemfungia ndani hata malaika. Nilijua anachotaka. Mkwe wangu alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

Nikaukausha ule mguu, nikaushika wa pili, nikamtazama usoni yeye, si baba yake.

"Nilimpokea kama mtoto, sitamshika kama mbuzi."