Kumweleza Baba Mkwe "Investigation"

Miaka yote niliyofundisha Kiingereza hapa Tukuyu, nilidhani "investigate" ni neno jepesi. Naliandika ubaoni kidato cha pili, napiga mstari chini: polisi wanachunguza wizi, mwanasayansi anachunguza majani, mwalimu wa zamu anachunguza nani kavunja kioo. Wanafunzi wananakili, kengele inalia, tunatawanyika. Nani alijua litakuja kunikuta jikoni kwa wakwe?

Baba mkwe wangu alikuwa anaumwa tumbo tangu wakati wa mahindi mabichi. Chakula hakikai, suruali zinamvuka. Daktari, kijana mpole tu, alimwambia aende Mbeya kwa "further investigation", na mama mkwe akalibeba neno hilo mpaka nyumbani Nkunga kama yai mkononi. Mimi na mume wangu tulipofika kutoka Bulyaga, mzee alikuwa ameshasema haendi popote mpaka aelezwe maana yake. "Mwalimu si huyu hapa!" mume wangu akasema, kisha huyoo, akaenda kutafuta gari la kukodi. Alitaka baba yake afike Mbeya siku hiyo hiyo, maana alimwona mzee anavyokwisha.

Sasa mimi nimwelezeje? Kwa Wanyakyusa wa umri wake, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Vijana wameshaacha hayo, mzee wangu hakuacha. Tangu niolewe, akipita njia hii mimi napita ile. Akiwa sebuleni, mimi niko jikoni. Mimi mtu wa Singida, mwanzoni niliona ni dharau, nikanuna kweli kweli. Baadaye nikaelewa kwamba ndiyo heshima yenyewe, lakini siku ile, jamani, niliichukia. Nilitaka nikae mbele yake, nimshike mikono, nimwambie, baba, nenda! Badala yake nilikaa kwenye kigoda nyuma ya ukuta wa mbao, mvua inapiga bati, mama mkwe anapeleka maneno yangu na kuniletea ya mzee.

"Mwambie wanataka kumchunguza."

Akaenda. Nikasikia Kinyakyusa, halafu kicheko chembamba. Akarudi. "Anauliza kaiba nini."

"Siyo hivyo, mama. Mwambie ni kupima."

"Anasema damu wameshachukua, mkojo wameshachukua, wanataka nini tena?"

"Mwambie wataingiza mpira wenye kamera..." Mama mkwe alinikata jicho, nikameza maneno. "Basi mwambie wanatafuta kitu kilichojificha ndani."

Safari hii hakucheka. Mama mkwe alirudi mikono mitupu, akachochea moto bila kunitazama. Kisha sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, kwa Kiswahili.

"Mwalimu."

Looh! Nusura nianguke. Tangu niolewe hajawahi kunisemesha hata salamu. Mama mkwe naye aliganda, kuni mkononi.

"Abee, baba."

"Hao watu wakishatafuta, wakakiona. Wanakiondoaga?"

Kiingereza chote kilinikimbia. Neno lile linafika kwenye kuona tu. Ya baada ya hapo hayamo, hata ulipindue vipi. Mwenzenu nilitaka kusema ndiyo, na ndiyo yenyewe ilikuwa ulimini kabisa. Lakini mtu amevunja mwiko wake wa maisha ili aniulize mimi, nitamdanganyaje?

"Sijui, baba. Wakati mwingine wanaondoa. Wakati mwingine hawawezi."

"Ndaga, mwanangu," akasema. Asante. Nikasikia kitanda kikilalamika anavyojigeuza. Mama mkwe akaenda kwake, wakanong'ona, akarudi akakaa chini sakafuni.

Honi ikalia uani. Mume wangu akaingia amelowa chapachapa, anahema, uso una furaha. "Gari limepatikana! Mvalisheni koti, twendeni."

"Amekataa," mama mkwe akasema. "Anasema anabaki nyumbani kwake."

Mume wangu akanigeukia. "Umemwambia nini baba?"

Tulimzika kwenye migomba yake kabla ya msimu wa kupanda, na mpaka leo mume wangu hajaacha kuniuliza.