Matambara ya Adelino

Adelino Furtado alikuwa mtu wa kukunja. Soksi alikunja, gazeti alikunja, hata mfuko mtupu wa mkate. Wahamiaji wenzake wa visiwa vya Azores, walioishi naye mjini Fall River, Marekani, walimwita Bi Harusi kwa unadhifu huo, naye akicheka tu. Kazi yake ilikuwa kupaka mbao mafuta, na hata tambara lililolowa chepechepe alilikunja pembe nne.

Mwaka ule alikuwa akikarabati nyumba ya mbao ya orofa tatu aliyoachiwa na mama yake. Orofa ya juu ilikuwa ya Filomena, binti yake wa pekee, aliyekaribia kuolewa. Adelino mwenyewe angekaa orofa ya chini yake. Alitaka asikie nyayo za mwanawe, basi.

Siku ya kupaka ngazi, rafiki yake Herminio alikuja kumsaidia. Walipomaliza, Adelino akayakunja matambara, akayapanga kwenye boksi chini ya ngazi.

"We Bi Harusi, yaanike uani, moja moja," Herminio alisema. "Mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto. Ukiyabananisha hivyo, joto litapata wapi pa kutokea?"

"Kwenye kamba ya marehemu mama? Mtaa mzima uone uchafu wangu? Thubutu!"

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Wakaenda kwa dada yake Herminio kunywa supu ya sukuma wiki. Hakuna aliyewasha kiberiti; matambara yalishika moto yenyewe bokisini. Kuta zilikuwa bado wazi, mbao tupu, na moto ukapanda ngazi kwa raha zake. Walisikia ving'ora vya zimamoto bakuli zikiwa nusu. Kwenye nyumba vilibaki vidato vya mawe vya mlangoni tu.

Hakuna aliyekufa. Filomena aliolewa siku ileile iliyopangwa, akahamia kwa mama mkwe wake, mjini Providence. Adelino akapanga chumba cha chini kwenye nyumba ya watu. Kazi hakuiacha, ila matambara yake sasa anayaanika kwenye uzio, machafu, wapita njia wakiyatazama. Aibu anaiona, wala haifichi.

Jumapili moja Filomena alikuja kula. Walipomaliza akashika kitambaa cha meza, akaanza kukikunja kama alivyolelewa.

"Kiache wazi, mwanangu."

"Ah, Baba! Hiki kina supu tu."

"Najua."

Filomena akakitandaza juu ya viti viwili. Kisha akambusu, akaenda kwake.

Adelino akakaa. Huko juu mpangaji asiyemjua alikuwa akitembea, akienda na kurudi.