Landrova ya Mama Anaeli

Siku ya mavuno uwanja wa kanisa letu ulinuka ndizi mbivu, kuku waliofungwa miguu, maziwa mgando ndani ya vibuyu na, mwaka ule peke yake, oili ya gari. Harufu hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfanya baba ageuze shingo dirishani kabla mchungaji hajamaliza kutoa baraka. Tulikaa mlimani, upande wa mashariki wa Meru, katikati ya migomba na kahawa, na kila mwaka watu wa usharika walileta sehemu ya mavuno yao madhabahuni. Baada ya ibada vitu vilitolewa nje, mzee wa kanisa akavinadi kimoja kimoja. Mnada ule ulikuwa na adabu zake. Mkungu wa ndizi uliweza kwenda kwa bei ya mbuzi, na mnunuzi akapigiwa vigelegele. Ukinunua yai viza unanyamaza, unakwenda kulitupa nyuma ya nyumba yako bila kumwambia mtu. Kukagua kitu kilichotolewa kwa Mungu, kukibinyabinya kama vile uko soko la Tengeru, ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Hizo ndizo zilikuwa adabu zetu, na baba yangu alizijua vizuri kabisa.

Lakini baba alikuwa mtu wa kushuku. Alishuku mizani ya kahawa, alishuku bwana mifugo, alishuku hata mvua iliyowahi kunyesha. Mimi, binti yake wa kwanza mwenye miaka kumi, nikileta alama nzuri kutoka shule aliniuliza nilikuwa nimekaa karibu na nani. Tulimcheka, ila sababu alikuwa nayo. Kabla sijazaliwa aliuziwa mashine ya kumenya kahawa iliyopakwa rangi mpya ya kijani, inang'aa mpaka majirani wakaja kuitazama. Wiki ya kwanza ya mavuno ikameguka mikononi mwake kama kiporo cha ugali, maana chini ya rangi kulikuwa na kutu tupu. Tangu hapo kitu chochote kinachong'aa kilimtia homa. Na mimi, wacha niseme ukweli, nimechukua damu hiyohiyo; mume wangu anaweza kutoa ushahidi.

Mwaka huo tulikuwa tunatafuta gari, na si kwa kujionyesha. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Mdogo wangu alikuwa amezaliwa kwa kupasuliwa, na muuguzi alimwambia mama bila kumung'unya maneno kwamba uchungu wa huyu anayekuja ukimshikia nyumbani, mmoja wao hatapona, au wote wawili. Kutoka kwetu hadi hospitali ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na mvua zikianza njia yetu inakuwa utelezi ambao pikapu za kukodi hazikubali kuupanda hata uwaahidi nini. Lilitakiwa gari la kupanda milima, tena kabla ya vuli. Baba akauza mafahali wawili, mmoja wao mama alimlea mwenyewe kwa majani ya migomba tangu ndama. Fedha zikakaa ndani ya debe la mahindi, na gari halikununuliwa.

Kila gari lilikuwa na kosa. Baba alitembea na kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, akakipitisha kwenye milango. Pale kisiposhika, alisema, chini yake ni puti ya fundi iliyoziba tundu la kutu. Gari la Usa River likaanguka mtihani. La mwalimu mmoja wa Kikwe nalo likaanguka, na mwalimu akanuna. Jingine la mjini Arusha lilipita vizuri, sumaku ikang'ang'ania kila mahali, baba akalikataa kwa sababu muuzaji alikuwa anacheka mno. Wiki zikaenda. Mawingu yakaanza kukaa kileleni asubuhi mpaka jioni, na mama akawa anaketi kigodani kwa hatua tatu, mkono mmoja ukutani. Alikuwa ameacha kuuliza habari za gari. Mama akinyamaza namna ile sisi watoto tulitembea kwa ncha za vidole, maana tuliogopa kweli.

Basi Jumapili hiyo ya mavuno, kando ya mnara wa kengele, ilisimama Landrova ya kijivu. Mwenyewe alikuwa Mama Anaeli, mjane, jirani yetu wa bonde la pili. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa mlowezi mmoja huko Momela, na mlowezi alipofunga mizigo alimwachia gari lile. Wote tulijua lipo, wachache walikuwa wameliona, kwa kuwa lilikaa bandani chini ya turubai. Rangi ilikuwa ya kiwandani, viti vilikuwa vilevile vya tangu mwanzo, hakuna fundi aliyewahi kuligusa. Mama Anaeli alikuwa amelitoa kama sadaka ya shukrani. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza, na wanawake waliokaa karibu nasi hawakujua kunong'ona.

"Shukrani ya nini, na mume amemzika mwezi wa nne?"

"Mwache. Mtu hatoi gari zima hivihivi. Lina jambo."

Baba alikuwa ameshaanza kulizunguka. Mama akamvuta shati kwa nyuma. "Baba Rehema, leo hapana. Hapa ni kanisani."

"Natazama tu, Mama Rehema. Macho hayana dhambi."

Akatoa sumaku, akaiweka mlangoni. Ikaanguka. Akaiweka kwenye boneti, ikateleza ikaangukia majanini. Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. "Puti!" akasema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kwa akina mama wa kwaya. "Gari zima ni puti!"

Mzee wa kanisa, ambaye ujanani aliendesha malori, aliacha kumnadi jogoo aliyekuwa mkononi mwake. "Baba Rehema, bodi ya Landrova ni aluminiamu. Sumaku haitashika hata ukifunga na kuomba. Kutu ya gari hilo inakaa chini, kwenye chesisi."

Watu walicheka mpaka jogoo akapiga mbawa. Mtu mwingine angeona haya akarudi kukaa. Baba yangu alivua koti lake la harusi, akalikunja, akanipa nilishike, kisha akalala chali na suruali yake ya Jumapili akaingia uvunguni, mbele ya mchungaji, mbele ya kwaya, mbele ya wakwe zake. Tukasikia anagongagonga chuma kwa jiwe, ngo, ngo, ngo. Nilitamani ardhi inimeze na lile koti. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

Sauti ikatoka chini ya gari. "Hamna."

"Hamna nini?" mzee wa kanisa akauliza.

"Kutu. Hamna hata chembe. Chesisi kama ya gari lililoshushwa melini jana."

"Si vizuri hivyo?"

"Ndiyo si vizuri! Gari la zamani zile, mvua za kwetu, vumbi la magadi la Momela, halafu hamna kutu? Mama Anaeli, samahani sana mama yangu, mimi nauliza tu. Mbona gari hili halina kutu?"

Kumuuliza mtoa sadaka swali la namna ile kulikuwa jambo lisilowahi kutokea. Mama Anaeli alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, wa aina ambayo unakaa naye benchi moja kanisani miaka na hujui sauti yake. Alisogea mpaka karibu na miguu ya baba iliyokuwa imechomoza.

"Unataka kujua, Baba Rehema? Nitakwambia. Halina kutu kwa sababu mvua ikinyesha halikutolewa. Mdogo wake Anaeli nilimzalia njiani, pale kwenye kivuko cha mfereji, nakwenda hospitali kwa miguu. Mvua ilikuwa kubwa. Gari lilikuwa bandani. Baba Anaeli alisema matope yataingia chini, yatalila." Akakaza fundo la kitambaa chake kichwani. "Mtoto hakulia. Yeye aliporudi kutoka kuzika, alikwenda kulifuta vumbi. Sasa mnaniuliza nashukuru nini. Nashukuru kwamba leo linaondoka kwangu."

Baba akajivuta kutoka chini, mgongo umejaa udongo mwekundu na majani, akasimama kando yetu. Mzee wa kanisa akakohoa, akataja bei ya kuanzia. Kimya. Akaipunguza. Kimya tena. Niliwaona wanaume waliokuwa wakilimezea mate gari lile asubuhi wakitazama viatu vyao. Sasa lilikuwa limeingia mkosi, hakuna aliyetaka kulala nalo ua mmoja. Ndipo baba akainama akamnong'oneza mama, na nilikuwa karibu nikasikia kila neno. "Si nilisema kuna kitu?"

Alisema kwa fahari. Nilimchukia baba wakati ule, nasema waziwazi, kwa jinsi mtoto anavyoweza kumchukia mtu anayempenda. Mvua zilikuwa karibu, na yeye alikuwa amefurahi kwamba amekisia sawasawa.

Mama akanyoosha mkono.

Mzee wa kanisa akatabasamu. Wanawake kwenye mnada ule walinunua mayai na vikapu. "Subiri, Mama Rehema, mayai yanafuata."

"Sinunui mayai," mama akasema. "Nanunua gari."

"Kwa fedha ipi?" baba akashtuka.

"Ya mafahali."

"Mama Rehema, umesikia alichosema huyu mama?"

"Nimesikia. Wewe ndiye hukusikia. Wewe unatafuta kutu, Baba Rehema. Mimi natafuta kufika hospitali."

Mzee wa kanisa alihesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, haraka haraka kama anayeogopa baba atapata la kusema. Hakukuwa na vigelegele. Mama Anaeli alimpita baba aliyekuwa amenyoosha kiganja, akamwekea mama ufunguo mkononi na kumfunga vidole. Tukarudi nyumbani na mzee wa kanisa usukanini, mama kiti cha mbele, sisi na baba nyuma pamoja na kabichi za mnadani. Njia nzima baba alitega sikio apate mlio mbaya. Wiki mbili zilizofuata, alipokuwa akijifunza kuendesha, aliweka gazeti chini ya injini kila asubuhi kuona kama linavuja, na alipoona halivuji akashuku gazeti.

Vuli ilishuka Jumanne moja asubuhi, na uchungu wa mama ukaja nayo. Baba alisimama barazani akiitazama ile njia iliyokuwa imegeuka uji. Nilimtazama yeye. Sijui kama alisita. Nadhani alisita, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Kisha akambeba mama. Landrova ile iliteremka mlima ikiyumba kama mlevi, matope yakipanda mpaka madirishani, na mdogo wetu wa mwisho akazaliwa hospitali akiwa na sauti ya kuudhi aliyo nayo hadi leo. Baada ya hapo gari halikupumzika tena. Lilibeba mahindi kutoka Kikwe, wagonjwa, majeneza, maharusi, na mara mbili Mama Anaeli mwenyewe, aliyekaa mbele mikono mapajani bila kusema kitu. Mwaka wa tatu baba aliingia uvunguni akatoka na unga mwekundu wa kutu kwenye vidole, akatuita wote tuje kuuona. Alikuwa anacheka. "Sasa hili ni gari," alisema.

Siku hizi njia yetu ina lami nusu, bodaboda ziko kila kona, na magari kama lile yamekuwa mapambo. Mimi nina nyumba ndogo ya wageni Usa River, na wageni wanapenda kupelekwa Momela kwa gari la zamani, kwa hiyo natafuta Landrova ambayo fundi hajaiharibu kwa kuitengeneza upya. Wanaouza sasa ni vijana wa simu. Wanakutumia picha arobaini, wanaandika "original" na "haina kutu", wanapanga bei ya kiwanja. Zamani baba alitafuta gari la kufanyia kazi akaogopa usafi wake. Sasa tunalipia zaidi lile ambalo halikumfaa mtu. Wiki iliyopita nilikwenda kuona moja kwenye ua wa familia fulani huko juu. Kijana alinisalimia shikamoo vizuri, akafunua turubai. Nililala chini, nikagonga, nikatazama kwa tochi. Safi kabisa.

"Mzee alikuwa anaitunza, mama, we acha tu," kijana akasema. "Mvua ikinyesha haitoki. Hata sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kuigusa."

"Na mama yako alikuwa anakwenda hospitali na nini?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza habari za gari lingine. "Mama? Mama alikuwa anatembea tu. Alikuwa amezoea."

"Yuko hai?"

"Yuko ndani. Lakini gari ni la mzee, mambo yote tunamalizana mimi na wewe."

Nilijikung'uta vumbi magotini, nikamwambia aliache turubai kwanza lilivyo, nikavuka ua kwenda kupiga hodi kwa mama yake.