Doa Jeupe Mlangoni

Mwanangu, iko siku naikumbuka kila ninaposhika brashi. Nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha nne, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka kitandani hadi kibarazani, hapa hapa Mkuyuni. Kutwa nachora kwa rangi za maji.

Nikiwa shuleni nilichora nyumbani kwetu Sengerema: nyumba ya nyasi, ua wa minyaa, ng'ombe. Miaka ikapita, nyumba ikaanguka, baba akafariki bila kupigwa picha hata moja. Ule mchoro nao ukaota ukungu. Mama akaagiza niuchore upya. Angekuja na kivuko kutoka Sengerema Jumapili kuuchukua.

Nikauchora, tena kwa kujidai. Nyumba iliyopinda nikainyoosha. Ng'ombe waliokonda nikawanenepesha. Kwenye mchoro wa zamani, mlangoni palikuwa na doa jeupe. Nikasema huo ulikuwa uzembe wa utoto. Kwenye mchoro mpya nikapaka ukuta mpaka mwisho.

Jumapili mama akafika. "Shikamoo, mayu," nikamwamkia, maana ndivyo kwetu tunavyomwita mama.

"Marahaba." Hakukaa. Akautazama mchoro. "Nyumba nzuri. Ya nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Baba yako yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka, mwanangu. Lile doa lilikuwa shati la baba, la kuendea kanisani, ameketi mlangoni. Niliyeliacha ni mimi mwenyewe, maana katika rangi za maji nyeupe ni karatasi usiyoigusa. Nikajaribu kukwangua kwa wembe; karatasi ikatoboka.

"Imebaki karatasi moja tu," nikasema.

"Basi leo unachora mbele yangu."

Nilipofika kwenye ukuta, akaweka kidole pale mlangoni. "Hapa ameketi. Paka, ila kidole sikitoi. Nakujua wewe, ukishika brashi unalewa."

Nikapaka kukizunguka kidole cha mama. Tone moja likateleza kuelekea ukucha wake. Nikalidaka kwa kitambaa. Hakusogea mpaka ukuta ulipokauka. Alipokiinua, pakabaki peupe, ukubwa wa kidole.

"Haya, mpe kichwa. Na usimwekee nywele, hakuwa nazo."

Ndipo akakaa, akaomba maji ya kunywa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa kitu cha wazee ukitengeneze, usianze kwa kunyoosha. Uliza kwanza: hapa palipoachwa wazi, ameketi nani? Ukishapaka, umechelewa. Mungu akupe mkono usiokimbia mbele ya macho, na akubakizie mtu wa kukuwekea kidole.