Albamu Niliyoikataa kwa Sababu ya Bhajia

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti, santuri na amri ya kutosikiliza muziki. Kiwanda kilikuwa Brampton, katikati ya maghala, na kilitengeneza santuri, zile sahani nyeusi za kuchezwa kwa sindano ambazo kila mtu alidhani zimeshakufa, mpaka vijana walipoanza kuzitafuta tena. Nilikuwa mgeni Canada, nimetoka Morogoro, na nilipoambiwa nitalipwa mshahara kwa kusikiliza santuri nilimwambia mke wangu kwamba Mungu ametuonea huruma. Mimi na Mama Neema tulikutana ukumbini kwenye muziki wa dansi, na huko huko nikamchumbia. Niliona kazi hii imeandikwa jina langu.

Msimamizi wa Chumba cha Kusikilizia alikuwa mzee wa Kireno, mkali, asiyecheka hata akifurahi. Alinivalisha spika za masikioni, akasimama mbele yangu. "Nikikuona unatikisa mguu," alisema, "nakupeleka kupakia maboksi. Mteja ndiye atakayesikiliza wimbo. Wewe sikiliza kila kitu ambacho si wimbo."

Nyinyi mnaosikiliza muziki kwenye simu hamjui sahani ile ilitoka wapi, basi niwaeleze. Plastiki ilipashwa moto, likatoka donge tuliloliita biskuti. Biskuti iliwekwa kati ya mabamba mawili ya nikeli, yaani stempa, yenye alama za wimbo. Mashine ikabana kwa joto la mvuke, ikapoozwa kwa maji, santuri ikatoka. Hata lebo za karatasi zilikaushwa kwanza kwenye oveni, kwa kuwa karatasi yenye unyevu huleta mapovu. Kutoka kila fungu tuliletewa santuri ya kukagua. Ukisikia sauti kama kitambaa kinachanwa, ujue plastiki haikujaa vizuri. Mchirizo unaotokea kwenye santuri hii na usiwepo kwenye ile huenda ni vumbi tu. Lakini kelele iliyo palepale kwenye kila santuri ni jeraha la stempa, na hapo unanyanyua simu, mashine inasimama. Rekodi ya asili hatukupewa kamwe. Ilikaa ofisini, kwani Meneja wa Uzalishaji aliamini kwamba mtu anayeujua wimbo, masikio yake huusamehe.

Kazi niliiweza, nasema bila kuona haya. Mreno alipostaafu nikakalia kiti chake. Shida ni kwamba kazi ilinifuata hadi nyumbani, kwenye ghorofa letu la Thorncliffe Park. Jumamosi Mama Neema anaweka dansi, gitaa la solo linaanza kupanda, mimi nasema, "Hapo pamekwaruzika." Kwenye harusi ya binti yetu nilikwenda kumwambia fundi mitambo kwamba spika ya kushoto inavuma, wakati maharusi ndiyo kwanza wanaingia. Mwishowe mke wangu alinunua spika zake za masikioni. Akawa anapika huku anatikisa mabega na muziki wake peke yake, mimi niko sebuleni na ukimya wangu. Nilipomuuliza, hakunikasirikia. "Baba Neema," alisema, "nimechoka kukaguliwa."

Iliniuma sana, na sikujua nifanye nini. Masikio si buti kwamba utayavua mlangoni. Hata nikiwa peke yangu, wimbo nilioupenda ujana wangu wote ulinijia vipande vipande, kila kipande na kasoro yake, na raha yenyewe sikuiona ilikokwenda.

Nilipokaribia kustaafu ililetwa kazi ya binti mmoja wa mtaa wa Agincourt aitwaye Nasreen, mwanamuziki, ambaye familia yake ya Kiismaili ilihamia huku zamani kutoka Iringa. Sindano ilipotua nilisikia magitaa yananguruma kama jenereta. Juu yake kikaja kinanda cha mvukuto, kile cha nyimbo za Kihindi, halafu ngoma za kompyuta, halafu binti mwenyewe akiimba nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Mimi ni mtu wa dansi: solo, rizim, besi, tarumbeta, kila mmoja anajua zamu yake. Hii niliiona ni pilau iliyomwagiwa aiskrimu. Lakini hawakunilipa niipende, nikaendelea kukagua.

Upande wa pili, wimbo wa mwisho, ikaanza michirizo. Chrrr, mizito, haikomi. Nikaagiza santuri nyingine, kisha nyingine. Kelele ileile, palepale. Nikanyanyua simu, mashine ikasimama.

Meneja alimpigia binti kumwambia kwamba stempa mpya itachelewesha santuri hadi baada ya uzinduzi wake. Kesho yake binti akaja mwenyewe, koti lina theluji mabegani. Meneja alimleta chumbani kwangu, nikamkaribisha kwa Kiswahili. Alishangaa kidogo.

"Shikamoo, uncle."

"Marahaba, mwanangu. Kaa usikie tatizo."

Alisikiliza, akaanza kutabasamu. "Uncle, hiyo si noise. Ni bhajia."

"Bhajia?"

"Bibi anakaanga. Nilirekodi na simu, jikoni kwake. The whole song imekaa juu ya hiyo. Akigeuza bhajia, ngoma inaingia."

Alipomtafsiria Meneja, Meneja alicheka hadi akashika meza. Kisha akanigeukia. "Tuanze au tusianze? Wewe ndiye sikio letu."

Ningeweza kusema waanze, yakaisha. Nikaomba niisikilize tena tangu mwanzo.

Dansi naijua mno. Najua kila nota inapotakiwa kukaa, ndiyo maana nasikia kila isipokaa. Hii sikuijua hata kidogo. Nisingeweza kusema lipi ni kosa na lipi ni wimbo, na lile sikio langu la ukaguzi likakosa pa kushika. Magitaa yalinguruma, kinanda kikayapokea taratibu. Mafuta yakachemka, kijiko kikagonga ukingo wa karai, ngoma ikajibu. Kwa mbali bibi alisema, "Punguza moto," na binti akaimba juu ya sauti yake. Nilitazama chini nikaona mguu wangu unatikisika. Nikauacha. Nilitokwa na machozi pia, kwa furaha tupu, na Meneja akajifanya anakagua waya za mashine.

"Umeipenda, uncle?" binti aliuliza.

"Sijaielewa," nikamwambia. "Irudie."

Alipoirudia nikaagiza mashine iwashwe.

Sasa nimestaafu. Wapo watu wana santuri safi majumbani mwao kwa sababu ya masikio yangu, na hilo najivunia. Kutafuta kasoro ni kazi ya heshima, vijana, ila ina tabia ya kutaka kukaa na wewe mezani hata siku za mapumziko. Mwenye kazi ya namna hiyo ajitafutie kitu asichokijua kabisa, akae nacho kama mgeni.

Santuri ya Nasreen niliicheza nyumbani wiki ile niliyoaga kazini. Mama Neema alikuwa amekaa dirishani na spika zake. Aliponiona natikisa kichwa kufuata mdundo akazivua, na papo hapo akakimbilia jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

"Nini kinaungua?"

"Hakuna kinachoungua. Njoo ukae."

Hakukaa. Alisimama akinitazama hadi wimbo ukaisha, na nilijua anachosubiri.

"Haina kasoro?" aliuliza.

"Sijui. Sikuangalia."

Akaziweka spika zake mezani. Akachagua santuri ya dansi, akaishusha sindano mwenyewe, akaninyooshea mkono. Mwanzoni kabisa, kabla solo halijaingia, pana mkwaruzo mkubwa. Niliusikia, nikanyamaza, nikaushika mkono wake.